Bibi Alipomkausha Tupokigwe Kama Chungu

Siku hiyo tulikuwa wanne, wote wa nyumba moja: Bibi Tusekile, mzaa baba, mama yangu Syabumi, mdogo wangu Tupokigwe, na mimi. Baba alikuwa amechukuliwa kubeba mizigo ya Mjerumani. Moshi wa nyasi za kuchomea vyungu ulitanda ufukweni mwa ziwa, umechanganyika na harufu ya usipa, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Harufu hiyo hunikera mpaka leo.

Shingo ya Tupokigwe ilikuwa imeanza kuvimba. Bibi, fundi wa vyungu, aliibonyeza kwa kidole kama anavyobonyeza udongo, akamwambia mama, "Mkamwana, huyu ana maji. Chungu kibichi ukikitia motoni kinapasuka. Tumkaushe." Basi chochote cha ziwani akakipiga marufuku, na chumvi pia, kwa kuwa chumvi huvuta maji.

"Sasa mama, mtoto atakula nini?" mama yangu akamuuliza.

"Ndizi. Ndizi zimekosa nini?"

Ikawa ndizi na mihogo, mihogo na ndizi, mvua zote za mwaka ule. Hebu fikiria, unakaa ziwani, samaki wanaruka mbele ya macho yako, nawe unatafuna ndizi chapwa! Nikamfichia Tupokigwe usipa mmoja kwenye upindo wa kaniki. Bibi akanusa vidole vyangu. "Kumbe wewe ndiwe unayemjaza maji!" Mwiko ukanishukia mgongoni. Tupokigwe, mdomo bado umejaa, akaninong'oneza, "Dada, kesho lete wawili."

Kesho yake sikuleta hata mmoja. Niliogopa mwiko.

Shingo ikazidi kukua. Akawa anapumua kwa mluzi, ukimwita anachelewa kugeuka, na watoto wenzetu wakamwita Kibuyu. Hakuolewa, alizeekea kwa mama.

Bibi alipenda kusema udongo uwahi ungali maji. Aliuwahi kweli, ila kwa dawa isiyo yake. Leo hapa Bondeni, ninakoishi sasa, vitukuu wangu wanakula chumvi yenye madini joto, tena wanaimwaga hovyo. Muuguzi aliniambia rovu lile, uvimbe wa shingoni, lilikuwa njaa ya madini hayo. Samaki wa ziwani peke yao pengine wasingetosha, lakini kumfungia mtoto kwenye ndizi na mihogo tu kulimzidishia. Jibu jepesi kiasi hicho, limenifikia nikiwa sina meno!

Mliobaki wa ufukwe ule, nikiwa nimekosea jina la mtu au nani alisema nini, nisahihisheni. Ila msiniambie kwamba hakuomba wawili.