Wanaogonga Chini ya Sakafu

Kabla sijaanza kazi, nilimwahidi baba yangu jambo moja. Baba alifundisha shule ya msingi hapa Likasi mpaka sauti yake ikachakaa, na mara nyingi alisikia kwenye redio kwamba vitabu vimefika shuleni kwake, huku yeye akiwa amesimama mbele ya wanafunzi wasio na kitabu hata kimoja. Nilipomwambia kwamba ofisi ya elimu imenichukua kushughulikia habari na vifaa vya shule za serikali, hakunipongeza. Aliweka mkono juu ya sahani yangu ya ugali ili nisile kwanza.

"Mwana, uniambie leo. Kintu chenye macho yako haikuone, utakisoma ku redio?"

"Hapana, Baba."

"Hata kama mukubwa anasimama nyuma yako?"

"Hata akisimama."

"Aya. Kula bukari."

Wenzangu wa chuo kikuu wananicheka wakisikia kwamba ninaandika kumbukumbu za kazi. Wanasema hayo ni mambo ya wazee wa pensheni, siyo ya mtu asiye na mvi hata moja. Lakini mimi nimekwisha kuondoka katika utumishi wa serikali na sitarudi. Vijana wanaoingia leo katika ofisi kama ile hawana wa kuwaeleza jinsi kazi inavyofanyika, na mahali inapotisha. Kwa hiyo ninawaandikia wao, na pia wazazi.

Siku yangu ya kwanza, Mkuu wa Ofisi alinipokea barazani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kupangusa miwani kila alipotaka kusema neno zito. Hakunionyesha meza yangu. Alinipeleka mbele ya ubao wa matangazo uliofunikwa kwa wavu wa chuma, ule tunaouita valve, akaugonga kwa kidole.

"Hapa njo mudomo ya Leta," alisema. Leta ndilo jina tunaloiita serikali.

Akanieleza safari ya tangazo, yaani komunike. Uamuzi hutoka mkoani. Mkuu huuandika upya kwa ajili ya eneo letu, huutia sahihi na muhuri. Nakala moja hubandikwa kwenye valve, na nyingine huchukuliwa na afisa wa habari, ambaye sasa ndiye mimi, kwenda kusomwa kwenye redio. Wakuu wa shule za mbali hawana njia ya kuja mjini kila siku. Wao husubiri redio. Likizo haianzi, mtihani hausogezwi, darasa halifungwi, mpaka sauti iseme. Na sauti ikishasema, hakuna anayeuliza.

"Bila muhuri," Mkuu alisema, "hii ni karatasi ya kufungia karanga."

"Na kama kuna kosa ndani yake, Chef?"

"Kosa yenye iko na muhuri, ile njo komunike." Akacheka sana, nami nikacheka naye. Kisha akavua miwani, akaipangusa. "Lakini weye, ku micro, usiongeze hata neno moja ya kwako. Hata moja. Unasikia?"

Nilisikia. Mara ya kwanza nilipokaa mbele ya kipaza sauti, nilifuata kila mstari kwa kidole. Niliwaona akilini akina mama walioketi karibu na mbabula zao za makaa na redio ndogo pembeni, na wakuu wa shule wakiinua mkono kuwanyamazisha walimu. Kila neno nililolitamka lilitia miguu ya watoto njiani au liliizuia. Kwa mtu aliyetoka chuoni akidhani elimu ni mawazo, hilo lilikuwa jambo la kuogopesha, na sikuliacha liwe la kawaida.

Baadaye niliongezewa kazi ya ghala. Serikali ilipotuma vifaa, nilivisindikiza mpaka shuleni: katoni za chaki, madaftari ya mahudhurio, vitabu vya kusomea, na mara chache madawati. Dereva wa lori letu alikuwa Papa Ramazani, ambaye wazee wake walitoka Maniema. Ndiye aliyenifundisha kupakia. Vitabu hukaa katikati, ambako mvua haifiki. Madawati husimamishwa pembeni kama ukuta. Chaki huwekwa mbele kwa dereva, kwa sababu barabara zetu huzivunja kabla mwalimu hajazishika.

"Wallahi," aliniambia nikipanda juu ya madawati, "chaki ya Leta inasafiri première classe. Weye na diplome yako, shika kamba."

Ni katika safari hizo nilipoifikia shule moja upande wa Kamatanda. Sitaitaja kwa jina. Nikiitaja, wazazi wa shule nyingine watapumua, na sitaki yeyote apumue.

Mkuu wa shule alikuwa mama mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kila mtu alimwita Mama Directrice. Alinituma nipeleke chaki katika darasa la mwaka wa tano. Wanafunzi walikuwa wakiandika imla. Mwalimu alinyamaza ili wamalize sentensi, na katika kimya hicho nikasikia kitu kikigonga chini ya sakafu. Ko, ko, ko. Msichana wa mstari wa mbele, bila kuondoa macho kwenye daftari, akapiga kisigino chini mara tatu. Chini pakajibu. Darasa zima likacheka kwa kujizuia.

Nilimgeukia Mama Directrice, aliyekuwa amenifuata mpaka mlangoni.

"Ni baba yake," alisema. "Anamusalimia."

Nilidhani ni mzaha. Akanitoa nje, akanionyesha shimo nyuma ya vyoo, lililofunikwa kwa mabati. Wachimbaji waliingilia pale. Walikuwa wamefuata mshipa wa madini chini ya uwanja, kisha chini ya darasa. Wengi wao walikuwa baba za wanafunzi wale wale. Watoto walizijua nyundo zao kama unavyojua mwendo wa mtu wa nyumbani kwako. Walisikia wakikohoa. Walisikia wakiimba. Kugonga na kujibiwa kulikuwa kumekuwa mchezo wa darasa.

Nilirudi darasani kuchukua saini ya mwalimu ya kupokea chaki, na miguu yangu ikakataa kuikanyaga sakafu ile. Nilisimama kizingitini. Ufa ulikuwa umeshuka kutoka dirishani hadi chini ya ubao, na mtu alikuwa ameuziba kwa karatasi.

"Kila asubui," Mama Directrice alisema, "nafungua minye mwenyewe. Natembea mule ndani yote, mpaka ku kona, mbele ya batoto kuingia. Nikianguka, nianguke peke yangu."

"Kwa nini usifunge darasa, Mama?"

Alinitazama bila hasira. "Na komunike gani? Si weye njo unasomaka komunike? Uniletee, nifunge."

Mjini nilishuka kwenye lori nikaenda moja kwa moja ofisini kueleza niliyoyaona.

Mkuu wa Ofisi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aliinuka, akafunga dirisha, ingawa joto lilikuwa kali. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kwa namna nyingine.

"Shule haifungwe na masikio," alisema. "Inafungwa na rapport ya muhandisi. Nitaomba atoke Lubumbashi."

"Na kabla hajafika?"

Alipangusa miwani. "Mwana, kuko bantu kule chini. Na kuko bantu juu ya bale bantu, benye banauzisha ile mawe. Nikiandika kama chini ya masomo ya Leta, chini ya shule yake, kuko shimo, bataniuliza nani aliitika bachimbe. Unazani nitajibu nini?"

Mhandisi aliombwa. Hakuja. Kila nilipopita shuleni niliuliza, na kila mara ufa ulikuwa umekula karatasi zaidi. Siku moja nilimkuta mchimbaji mmoja akinawa uso bombani, Papa Ilunga, baba wa yule msichana wa mstari wa mbele. Nilimwomba waache. Alicheka, lakini hakuwa mtu mbaya.

"Minye niko chini ya mutoto wangu mwenyewe," alisema. "Naweza kumuangushia masomo? Tuliacha nguzo, petit. Udongo ule ule, tuliuacha unasimama."

"Nguzo nyingi?"

"Zilikuwa mingi."

Alisikia alichokisema, lile neno "zilikuwa". Aliendelea kunawa kwa muda mrefu, ingawa uso wake ulikuwa tayari safi.

Kisha serikali ikatuma madawati. Shule ile ilikuwa imeyasubiri muda mrefu hivi kwamba watoto wa mwaka wa tano waliketi watano watano kwenye benchi moja. Desturi ya shule zetu ni kulipokea lori la vifaa kwa wimbo: shule nzima hupangwa uwanjani, na watoto huimba wakipiga miguu chini kwa pamoja mpaka gari lisimame mbele yao. Nilikuwa nimekaa juu ya shehena nilipowasikia. Nilihisi ule mdundo kifuani kabla sijauona uwanja.

Papa Ramazani aliingiza gurudumu la mbele langoni, akasimama ghafla. Alitoa kichwa dirishani.

"Mwana, shuka uangalie. Chini iko inakula gurudumu."

Niliinama kutoka juu nikaona gurudumu limezama taratibu, bila kelele, katika ardhi kavu isiyo na tope. Papa Ramazani alirudisha lori nyuma barabarani. Watoto, wakidhani ni utani wa dereva, wakashangilia. Wakapiga miguu kwa nguvu zaidi.

Sikuwa na tangazo. Sikuwa na muhuri. Nilijua pia kwamba nikipiga kelele ya hatari watakimbia wote kwa pamoja, na nilichokiogopa kuliko vyote ni miguu yao yote kwa pamoja. Nilisimama juu ya dawati, juu ya lori, nikaitoa sauti yangu ya redio.

"Komunike! Ofisi ya elimu inawatangazia wakuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi kwamba madawati yatagawiwa leo katika ukumbi wa kanisa, ng'ambo ya barabara. Madarasa yote yataelekea huko kwa mstari, mwaka wa tano ukitangulia. Hakuna kuimba. Hakuna kukimbia. Masomo yataendelea huko huko mpaka tangazo jingine."

Wimbo ulikatika. Waliijua ile sauti, maana walikuwa wakiisikia nyumbani. Walimu walianza kupanga mistari. Kutoka nyuma ya vyoo, wanaume wawili waliojaa vumbi walitokeza vichwa na kusikiliza kwa heshima. Mama Directrice aliitazama mikono yangu, akaona haina karatasi. Nilingoja aseme.

"Batoto," alisema, "munasikia komunike. Twende. Pole pole."

Walitoka kwa unyayo mwepesi, kama watu wanaopita karibu na mgonjwa. Sikuyaondoa macho yangu chini ya miguu yao mpaka wa mwisho alipofika lami.

Walisomea katika ukumbi ule kwa muda. Kisha kanisa likauhitaji ukumbi wake, wazazi wakalalamika, na mtu ambaye sikumjua akaja ofisini kwa gari jeusi, akaongea na Mkuu mlango ukiwa umefungwa, akaondoka. Mkuu aliniita.

"Ile masomo ilianguka?"

"Hapana, Chef."

"Iko inasimama?"

"Iko."

"Basi." Akasukuma karatasi mezani. Muhuri wake ulikuwa bado unang'aa. Tangazo lilisema kwamba jengo liko katika hali nzuri na wanafunzi warudi madarasani.

"Chef, ulienda kuliona?"

Hakupangusa miwani. Aliivua tu, akabaki nayo mkononi, na macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala.

"Unazani minye siogope?" alisema. "Naogopa kupita weye. Weye hauna batoto. Soma, mwana. Nakuomba. Soma tu, halafu tutaona."

Niliirudisha karatasi upande wake. Nilimwambia kwamba sitaisoma, leo wala kesho. Alinyoosha mkono kuomba funguo za ghala, nami nikampa. Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakukuwa na hotuba wala soda. Mchana ule nilimsikia mtu mwingine akilisoma tangazo, kutoka kwenye redio ya duka la simu, kwa sauti nzuri, bila kukosea neno. Kesho yake mwaka wa tano ulirudi darasani.

Vijana mnaoingia ofisini sasa, mtafundishwa kuandika tangazo, kubandika, kupakia na kuhesabu. Jifunzeni yote vizuri, ni kazi yenye heshima. Mimi ninaongeza moja tu: watu wataiamini sauti yenu kuliko macho yao. Msiizoee imani hiyo. Siku mtakapoacha kuiogopa, ombeni kazi nyingine.

Ninapoandika haya, shule ile bado imesimama. Sijui kwa nini, na hakuna anayejua. Kila mvua kubwa inyeshapo, asubuhi yake mimi hutembea mpaka kwenye lami, husimama ng'ambo ya lango, na husikiliza kama watoto wanasoma kwa sauti. Wakianza, mimi hurudi nyumbani, ambako siku hizi ninafundisha watoto wachache barazani kwangu. Mama Directrice bado hulivuka lile darasa peke yake kila asubuhi. Papa Ilunga ameacha kuchimba, lakini nafasi yake imechukuliwa na wengine, ambao hawana mtoto pale.

Sasa ninakuomba wewe unayesoma, kama mtoto wako anasoma popote upande wetu huu kunakochimbwa. Kesho ingia darasani mwake. Waombe walimu na watoto wanyamaze kidogo, usikilize sakafu. Ukisikia mtu chini, usisubiri komunike. Mtoe mtoto wako, na umtoe na wa jirani.