Nafasi ya Ndoki

Mwanangu, haijanitoka kichwani ile Jumapili mchana tulipoonyesha filimu yetu katika ukumbi wa parokia, hapa hapa Tshopo, nikiwa na umri kama wako. Nimeikumbuka tena juzi, mlipokuja kuniomba ua wangu ili mrekodi filimu yenu ya parokia kwa simu. Mliniachia karatasi yenye majina ya wachezaji. Niliisoma yote, na mahali pa ndoki, yule mchawi wa hadithi yenu, nikakuta jina la yule binti mgeni aliyefika kutoka Yahuma mwezi uliopita. Tangu hapo sina raha. Keti kidogo nikueleze kwa nini.

Sisi hatukuwa na simu za kurekodia. Tuliazima kamera kubwa ya kubebwa begani kwa mpiga picha wa harusi, na mimi nikajifanya mkubwa wa kazi kwa sababu nilijua kuiwasha. Hadithi yetu ilikuwa ya kijana mgonjwa, jirani anayemloga, na sala inayomponya. Sasa, unatujua sisi watu wa kanisa. Nafasi ya padri iligombewa na vijana wanne. Malaika nao walikuwa wengi kuliko mashuka meupe tuliyokuwa nayo. Ndoki hakutaka mtu. Kila msichana alikuwa na mama wa kusema binti yangu hachezi uchafu huo, na wavulana walicheka tu wakitazama pembeni.

Nikamwendea Odette. Alikuwa yatima, akikaa kwa tonton wake, ndugu wa marehemu baba yake, na kila asubuhi alikaanga mikate akaiuza mbele ya nyumba. Nikamwambia ni mchezo tu. Aliangalia miguu yake, akasema, "Bon, kama munataka." Nikaandika jina lake haraka, asije akabadili mawazo.

Na alicheza, mwanangu! Tulimpaka majivu usoni, tukamvika kitambaa cheusi, tukawasha majani mabichi ili yatoe moshi. Siku ya kuonyesha, walioketi mbele waliegemea nyuma alipotokea. Mama mmoja alimbeba mtoto wake akatoka nje. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya televisheni, kifua mbele, nikipokea sifa.

Kesho yake watoto hawakununua mikate ya Odette. Walivuka barabara wakapita upande wa pili. Katikati ya juma mtoto mchanga wa tonton alishikwa na homa, na mke wa tonton akamkataza Odette kugusa sufuria. Jumamosi tulikuwa mbele ya kanisa, tukisafisha kamera, tonton mwenyewe alipofika kwa toleka, zile baiskeli zetu za kubebea abiria. Odette alifuata kwa toleka nyingine, na mfuko wa nguo mapajani.

"Chukueni mutu yenu," tonton alisema. "Kwangu iko batoto."

Akaondoka. Odette hakulia. Alisimama tu langoni ameshika mfuko wake, na mimi nikajishughulisha na waya za kamera ili nisimtazame. Aibu ile ninayo hadi leo.

Mama Justine, mkubwa wa akina mama wa parokia, ndiye aliyempeleka nyumbani kwake. Kesho yake akaniita. Nilimkuta anachambua majani ya pondu, yaani kisamvu, na hakunikaribisha kiti.

"Juu ya nini ulimupatia Odette ile role?"

"Mama, alicheza muzuri sana."

"Sikukuuliza alicheza namna gani. Juu ya nini yeye?"

Aliendelea na majani yake.

"Miye nitakuambia. Ule mutoto haiko na mama. Ulijua hakuna mutu atakuja kukuuliza." Akaniangalia hatimaye. "Alors, vaa weye ile nguo."

Nilikuwa kiongozi wa sala ya vijana. Jina langu lilikuwa safi, nami nililipenda sana jina hilo. Lakini kwa Mama Justine hukuwa na njia ya kukwepa. Alikwenda kwa tonton mara tatu kuomba ruhusa, na mchana mmoja kweupe tukarekodi upya sehemu zote za ndoki katika ua wa tonton. Nilivaa kitambaa cheusi, nikapakwa majivu. Kamera nikampa Odette. Watoto wa mtaa walikuja mbio, wakaona kwa macho yao kwamba moshi ni wa majani, na kwamba ndoki anakohoa mpaka machozi yanamtoka. Ndipo Odette akapaza sauti, mara ya kwanza tangu nimjue:

"Papa ndoki, rudia! Umekohoa!"

Watoto wakaangua kicheko. Hata tonton alicheka, ingawa alijificha kwa kujikuna shavu.

Usifikiri mambo yalinyooka siku hiyo. Odette alikaa kwa Mama Justine miezi mingi kabla tonton hajamrudisha, na mke wa tonton aliendelea kukataa chakula alichopika. Mimi nami nilionja kidogo: kuna mama mmoja aliyehama benchi kila nilipokaa karibu naye misani. Iliniuma. Lakini jioni nilirudi kwetu, nikala na baba, mama na ndugu zangu wanne waliokuwa wakinitania. Odette aliubeba mzigo huohuo peke yake, na ni mimi niliyemtwika. Nilimwomba msamaha, akanisamehe. Ila mbele ya kamera hakusimama tena, na kipaji kama kile sijakiona kwa mwingine.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuomba tuisahihishe ile karatasi mliyoniachia. Mkipanga kazi ya Mungu, msimtafute yule asiyeweza kukataa. Sehemu nzito apewe mwenye watu wa kumsimamia, na wewe uliye kiongozi uwe wa kwanza kufikiriwa. Yule binti muulize mwenyewe anataka nini, muulize bila wenzako kusikiliza, kisha umngoje ajibu. Huenda anataka kuwa malaika. Huenda anataka kushika simu na kurekodi. Na siku ya kuonyesha, wachezaji wote wasimame mbele ya watu na nguo zao za kila siku, waseme majina yao, nawe usimame kando ya ndoki.

Ndoki mnaye tayari. Niandikeni mimi. Mtaa mzima unanijua, nyumba hii ni yangu, hakuna wa kuniweka nje na mfuko wa nguo. Magoti yananisumbua, lakini kukohoa kwenye moshi bado naweza.

Mungu akupe macho ya kumwona anayenyamaza. Aibariki mikono yenu yote katika kazi hii. Na huyo binti wa Yahuma, kila jioni akirudi kutoka kwenu, akute mlango uko wazi na sahani yake imewekwa. Amina.