Kiti cha Mgeni wa Heshima

Jambo hili sijawahi kuwasimulia wanangu, na nyinyi mkicheka kupita kiasi nitanyamaza, kwa sababu bado linaniuma na bado nina hasira, na hasira yenyewe sijui nimwelekezee nani kwanza. Kuna mtu mzima alipiga magoti ukumbini nyuma ya mama wa watu, uso mweusi tititi kwa rangi ya viatu, ameshika mguu wa kiti kwa mikono miwili, na waumini wote wanamtazama. Mtu huyo ni mimi. (Mama watoto yuko jikoni, kwa hiyo chekeni polepole.)

Kisa chote kilianzia kwenye neno imara. Miaka ile ya sabini nilikuwa kijana, nachonga twiga na vifaru vya watalii kwenye kibanda pale Shauri Moyo, na nilimpenda Rosa, msichana wa kwaya aliyekuwa akipiga taipu katika ofisi moja mjini. Baba yake, Mzee Barasa, alikuwa msimamizi katika karakana ya reli na mzee wa kanisa letu la mtaa wa Jericho, na kila kitu duniani alikipima kwa neno hilo moja. Mlango anautikisa: imara. Ugali anaubonyeza kwa kidole gumba: imara. Akikusalimia anakuminya mkono mpaka mifupa inalia, aone kama na wewe uko imara. Imani imara, bolti imara, hata mtoto mchanga alimwinua kwa makwapa kuangalia kama magoti yamekaza, mama wa mtoto roho iko juu! Siku niliyokwenda kujitambulisha aliniminya, akanitazama, akasema, "Kijana, wewe si mbaya. Lakini kazi yako ni ya twiga. Twiga nani atakalia?"

Basi kanisa likajenga ukumbi wa mabati, na wa kuufungua akawa mwenyekiti wa akina mama kutoka makao makuu, ikatakiwa apate kiti chake maalum. Mzee Barasa akanigeukia sebuleni kwake: "Musyoka, wewe unaweza?" Hapo ndipo ningesema siwezi, mimi ni mchongaji, seremala ni mtu mwingine kabisa, yeye ndiye anayejua kuunganisha mbao, sisi twiga tunamtoa mzima ndani ya gogo moja, hana kiungo hata kimoja. Lakini Rosa alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, nikasema, "Hiyo ni kazi ndogo, mzee." Naye akasema kiti kikisimama, nilete wazee wangu kutoka Machakos Jumapili itakayofuata, tuzungumze habari za Rosa.

Nikatafuta gogo la jakaranda, bichi, maji bado yanatoka, maana sisi wachongaji mti mbichi ndio tunaoupenda, hauchoshi mkono, na twiga akikauka shingo ikapinda kidogo mzungu anafurahi zaidi. Nikachonga miguu, nikaweka vichwa vya simba pale pa kuegemeza mikono, viungo nikavigonga kwa nyundo vikaingia kwa shida vikakaza. Kisha nikafanya tulivyofanya wote pale kibandani: nikakipaka rangi nyeusi ya viatu, makopo matatu, nikakisugua kwa brashi hadi ungeapa ni mpingo.

Mzee Barasa akaja na Rosa kukikagua. Akakitikisa huku na huku. Hakutosheka, akakipanda na viatu vyake vya kazi, akaruka mara mbili, mtu mzima na mvi zake! "Hii kiti iko imara!" Nikajiona nimeshaoa. Kikabebwa hadi ukumbini, kikakaa juma zima chini ya mabati kwenye joto la Februari, na mimi kwa kichwa kikubwa sikwenda kukiangalia hata mara moja.

Jumapili mgeni akafika, mama mnene wa heshima zake, gauni jeupe pepepe na kitambaa cheupe kichwani. Akaketi. Kiti kikalia krii. Mimi niko benchi la pili, pembeni, nikautazama mguu wa nyuma nikaona kiungo kimeachia, ungeweza kupitisha kidole, maana mti ulikuwa umekauka ukasinyaa. Sentensi moja tu ilihitajika: "Mama, samahani, usikalie hicho." Lakini Mzee Barasa alikuwa ananitazama kwa fahari, nikatulia.

Kisha mchungaji akasema tuombe, watu wakafumba macho, na mchungaji wetu kwa kawaida akiomba huanzia kuumbwa kwa ulimwengu. Nikaona muda upo. Nikajipenyeza nyuma ya mgeni, nikapiga magoti, nikaushika ule mguu. Nausukuma unaingia, nikilegeza unatoka. Rangi imeyeyuka kwa joto, jasho linanitoka, najifuta uso kwa mikono ileile. Na siku hiyo, siku hiyo moja tu, mchungaji akamaliza mapema.

Kwaya ndio walioniona kwanza, wakaanza kucheka (watu waliotoka kuimba habari za upendo!). Mama akageuka, akakutana na uso mweusi karibu na kiuno chake, akaruka, "Uwi! Shindwa!" na kiti kikaanguka chenyewe, vipande, bila hata mtu juu yake. Nyuma ya gauni lake kulikuwa na weusi mgongo mzima na kwingine ambako sitataja.

Mzee Barasa akasimama. "Nani alikubali kiti kama hii iingie hapa?" Yeye! Aliuliza yeye!

Rosa akatoka kwenye mstari wa kwaya. "Baba, ulikipanda na viatu. Ukaruka mara mbili, ukasema iko imara."

Siku zile msichana hakumjibu baba yake hivyo, tena mzee wa kanisa, tena mbele ya mgeni. Mzee Barasa hakumtazama bintiye hata kidogo. Alinitazama mimi pale chini. "Fundi. Mimi nilipanda kwa hii kiti?"

Rosa hakurudi kwenye mstari. Mimi nikafikiria wazee wangu, nikafikiria Jumapili ijayo, nikasema, "Hapana, mzee. Hukupanda."

Na mnajua nini? Alinikubali! Jioni ileile aliniita, akaniminya mkono, akasema, "Umenifunika aibu mbele ya watu. Lete wazee." Nikatoka mbio kumwambia Rosa. Nilimkuta uani, ameinama kwenye karai, anafua lile gauni la mgeni, sabuni imefika viwikoni na weusi hautoki.

"Umeniita mwongo mbele ya kanisa zima," alisema bila kuinua kichwa.

"Nilitaka tuoane, Rosa."

"Basi mwoe baba. Yeye amekukubali."

Wazee wangu hawakuja. Mzee Barasa nilimkasirikia miaka mingi, na kwaya, na mchungaji, na jakaranda pia, lakini mkiniuliza vizuri, kiti kingesamehewa, ni lile "hapana" ambalo Rosa hakuweza kulisamehe, na sikulazimishwa na mtu. Viti sijaunda tena. Na nikiulizwa jambo mbele ya watu sasa nasema nililoliona, hata kama anayeuliza ndiye mwenye kunipa ninachokitaka. Nimejifunza vizuri sana, ila nilijifunza nikiwa nimechelewa, na Rosa hakungoja.