Sabra kaletwa Ijumaa

Leo, kwa mara ya kwanza, baba yake Sabra katii amri ya kadhi.

Baada ya talaka, kadhi aliamuru mtoto akae kwa baba yake kule Msuka, na kila Ijumaa aletwe kwa mama yake, binti yangu, hapa kwangu Wete.

Mwaka mzima hakuletwa. Mara gari hakuna, mara mtoto ana homa. Sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alikwenda mara mbili kumfuata, akajibiwa kwa upole, na mtoto hakuja.

Binti yangu hakuacha. Kila Ijumaa alipika mkate wa kumimina, akakaa barazani mpaka magharibi.

Mwezi uliopita tulimzika.

Leo baada ya sala nasikia hodi. Ni baba yake, kamshika Sabra mkono, na mkoba wa nguo begani.

"Mama, nimemleta. Kadhi alisema Ijumaa."

Nilitaka kumuuliza, sasa ndiyo umekumbuka? Sabra akaniwahi.

"Bibi, mama yuko jikoni?"

Nikamtazama baba yake. Akainamisha kichwa, akaninong'oneza.

"Sijamwambia, mama. Kila siku najaribu, nashindwa."

Akaondoka. Hata maji hakunywa.

Hasira niliyomwekea mwaka mzima sikuiona tena ilipo.

Nilimwambia Sabra, mama yako alikuwa akikungoja kila Ijumaa. Hapo nikakwama.

Sasa kakaa barazani, pale pale pa mama yake, anamngoja yeye.

Jamani, mliowahi kumwambia mtoto, mlianzaje? Nijibuni mapema. Magharibi haiko mbali.