Mayai ya Mzee Kopo

Baba yangu amepaka rangi nyumba za watu maisha yake yote, na mtaani wanamwita Mzee Kopo kwa sababu hajawahi kuonekana njiani bila kopo la rangi mkononi. Hata siku ya harusi yangu alikuja nalo, sijui la kufanyia nini, mama akalificha nyuma ya kiti. Ni mtu wa maneno machache na mkono mtulivu. Akipaka kona ya ukuta na dari habandiki karatasi wala hapigi mstari. Anavuta brashi mara moja, anarudi nyuma, anatazama, basi. Mimi ni binti yake, na mkono huo sikuurithi. Nilichorithi ni mdomo, tena wa mama.

Tangu mama afariki, baba anaishi peke yake kwenye vyumba vyake viwili, na mimi nakaa mtaa wa pili. Chakula cha mchana na cha jioni nampelekea, chai namwachia kwenye chupa. Lakini mayai ya asubuhi ni yake. Anayachemsha mwenyewe kwenye jiko lake dogo la gesi, anayala mlangoni akiangalia watu wanaokwenda kazini, na anayempita bila salamu anasemwa mpaka jua linazama. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho ambacho hakuna mtu anamfanyia.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni tulicheka, maana miwani tuliikuta kwenye kopo la sukari, na yeye akasema afadhali imekula vizuri. Asubuhi moja akabandika mayai, akatoka, akapotelea kwenye mazungumzo huko nje. Maji yakakauka, mayai yakapasuka. Jirani yake, mshonaji, alisikia harufu ya kuungua akaingia mbio kuzima gesi. Nilipofika, sufuria ilikuwa nyeusi tii, na baba amesimama juu ya kiti anakwangua kiini cha yai kwenye dari.

"Dari hii nitairudia," akaniambia bila kunitazama, utadhani tatizo lilikuwa dari.

Habari ikamfikia kaka yangu kabla mimi sijafuta moshi ukutani. Kaka anaishi mji mwingine, ghorofa ya tatu, na ni mtu mwema sana ila anatoa amri tangu yuko darasa la kwanza. Akanipigia simu. Mwisho wa mwezi anakuja kumchukua baba, vyumba vifungwe, jiko ligawiwe. "Jiko hilo litaua mtu," akasema. Na hakukosea, jamani. Ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Nilipomweleza baba, akauliza: "Huko kwake nitakaa nifanye nini? Niangalie kuta zilizopakwa na watu wengine?" Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Usikubali, mama." Baba huniita mama. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuniomba kitu, hata maji ya kunywa alikuwa anajichotea.

Nikaanza na saa ya kengele. Ikalia, baba akaizima kwa adabu zote, akaendelea kufagia huku maji yanatokota. Nikasema basi, nitakuja kumsimamia mwenyewe kila asubuhi. Siku ya kwanza tu akanifungia mlango wa jikoni. "Nikisimamiwa sipiki," akasema kutoka ndani. Tukanuniana siku nzima, na kwa kununa mimi na yeye tuko sawa.

Dawa ikapatikana jikoni kwangu, tena bila akili yangu kutumika. Nilikuwa nachemsha mayai ya watoto. Maji ndiyo kwanza yanaanza kuchemka, gesi ikaisha. Nikautukana ule mtungi, nikafunika sufuria, nikaenda dukani kubadilisha. Dukani nikakutana na mtu wa kupiga naye soga, na mimi soga sijawahi kuikimbia. Niliporudi nikijua nitakuta mayai mabichi, nikavunja moja kwenye sinki. Limeiva. Ute laini, kiini cha njano safi, hakuna ule mduara wa kijivu unaonuka. Kumbe miaka yote nilikuwa nachemsha mayai kama nina ugomvi nayo.

Nikakaa kwenye kigoda nikaifikiria vizuri. Maji yakishachemka, moto hauna kazi tena. Unazima, unafunika, unaondoka zako, na mayai yanajiivia yenyewe kwa joto la maji. Ukiyasahau kidogo yanakuwa magumu. Ukiyasahau kutwa yanapoa, basi. Nyumba haiungui.

Kesho yake nikamfundisha baba, safari hii kwa upole. Mayai ndani ya sufuria, maji baridi yayapite kwa upana wa kidole, moto wa wastani yasije yakagongana. Yakichemka, zima, funika. Baada ya robo saa hivi, mwaga, tia maji ya baridi. Gonga upande mnene, maana pale ndani pana hewa, na uyamenyee humo humo kwenye maji. Nikamwambia pia asidanganywe na muuza mayai anayejisifu kwamba kuku ametaga leo. Yai la leo ukilimenya ganda linatoka na nyama yake. Liache likae siku chache.

Baba akasikiliza mpaka mwisho. "Ni kama rangi," akasema. "Ukishapaka, unaiacha ikauke. Ukiichokonoa unaiharibu."

Zikabaki zile dakika za mwanzo, za kungoja maji yachemke, na hapo ndipo aliponitoa jasho. Alikuwa anabandika, anageuka kupanga brashi zake, na jiko linafutika kichwani. Siku mbili nikaingia nikakuta maji yanaruka na yeye yuko uani. Nilikaribia kukata tamaa. Ila nikakumbuka jinsi alivyokuwa akifanya kazi. Baba akiwa na brashi haiweki chini mpaka ukuta uishe. Atasalimiwa, ataitwa, ataletewa chai, brashi iko mkononi. Nikachukua mfuniko wa sufuria nikamkabidhi.

"Huu usiuweke popote," nikamwambia. "Unakwenda juu ya sufuria tu, na hauendi juu ya sufuria mpaka umezima."

Basi mtaa mzima ukapata cha kuchekea. Baba akawa anaonekana uani na mfuniko, getini na mfuniko, anamwelekeza mgeni njia kwa mfuniko. Mshonaji akamwuliza, "Mzee Kopo, leo umebadilisha kopo?" Baba akautazama mkono wake, akasema, "Ala," akarudi jikoni kuzima. Wakimtania hawajui kuwa wanamsaidia, na mimi sikuwaambia.

Kaka hakungoja mwisho wa mwezi. Alitokea asubuhi moja bila taarifa, na begi kubwa tupu begani. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Baba alikuwa ng'ambo ya uwanja, mbele ya mlango wa mshonaji, wanabishana kuhusu rangi ya mlango huo. Kaka akachungulia jikoni. Moto unawaka, sufuria iko juu, hakuna mtu.

"Unaona?" akaniambia.

Nikataka kuingia kuzima, kaka akaweka mkono kwenye fremu ya mlango. "Mwache. Nataka kuona."

Tukasimama pale. Maji yakaanza kutoa mvuke, kisha yakaanza kusema. Baba huko anacheka na mshonaji. Nilitamani kumwita, na najua kaka naye alitamani, kwa sababu nilimwona anavyojiuma mdomo. Baba akainua mkono kuonyesha pale rangi ilipobanduka, na mkono ukainuka na mfuniko. Akauangalia. Akamwacha mshonaji katikati ya sentensi, akaja, akatupita mlangoni bila hata salamu, akazima, akafunika.

"Shikamoo, baba," kaka akasema.

"Marahaba. Naona umekuja na begi."

Tulianza kubishana hata kabla ya kukaa. Kaka anasema baba alikuwa amesahau. Nasema amekumbuka. Anasema, na asingeinua mkono je? Nasema ameinua. Sauti zikapanda, mimi nikaleta na ya mwaka juzi, tukasemana pale kama watoto wanaogombania kiti. Baba akaendelea na yake. Akamwaga maji, akatia ya baridi, akamenya mayai yote mawili, akaweka moja mbele yangu na moja mbele ya kaka. Hakubakisha la kwake.

"Mnaniongelea utadhani nimeshatoka," akasema.

Kaka akalichukua yai lake.

"Najua kwamba nasahau. Nilianza kujua kabla yenu." Akaifuta mikono kwenye suruali, taratibu. "Sasa nisikilizeni leo, wakati bado nina akili zangu. Iko siku nitauangalia mfuniko huu nisijue ni wa nini. Siku hiyo nichukueni. Nitakataa. Nitawaambia maneno mabaya, na wewe mama nitakuambia umenisaliti. Msinisikilize. Msikilizeni huyu anayesema nanyi sasa hivi."

Kaka alikuwa ameshika yai. Aliliweka chini, akaitikia kwa kichwa mara kadhaa. Mimi nikaligawa langu, nusu nikampa baba. Alasiri kaka alipanda gari akarudi kwake, na begi likiwa tupu.

Sasa kila asubuhi nikifika namkuta getini. Namwamkia, anaitikia, halafu namwuliza huo mfuniko ni wa nini. Namwuliza kwa utani, huku nacheka, asije akajua jinsi ninavyoogopa kabla hajajibu.