Nilivyopatana bei ya mteremko wa mlangoni kwa dadangu, Mji wa Kale

Wakuu, salaam aleikum. Kisa hiki ni changu mwenyewe, sikukitia chumvi wala sitakitia.

Gharama yote: shilingi 1,900. Nimehesabu mara mbili.

Ni miaka ya tisini, Mji wa Kale, Mombasa. Dadangu mkubwa, Mwanakheri, aligongwa na lori Shimanzi, miguu ikafa. Akapata kiti cha magurudumu.

Kichochoro chetu ni sawa mpaka barabara ya Ndia Kuu, hakina mlima. Kikwazo ni ngazi za mlangoni. Tatu tu.

Kila alasiri akitaka kwenda kwa mashoga zake, lazima anisubiri mimi nimteremshe. Na mimi mtu wa biashara, nikisema saa kumi ujue ni magharibi.

Wazee wa barazani wakamwambia, "Kwani sisi hatupo? Tutakubeba."

"Mimi si gunia la mchele," akawajibu. "Na wake zenu mtawaambia nini?"

Nikamwita fundi Kazungu atujengee mteremko wa saruji. Akapima: urefu wa hatua saba, shilingi 3,200.

"Fundi, wajenga mteremko au wajenga gati?"

Tukavutana saa nzima. Mwisho akachoka. "Bwana Sudi, bei nitashusha, lakini nitaufupisha. Mteremko utasimama wima."

"Atazoea. Jenga."

Hatua saba zikawa tatu, shilingi 3,200 zikawa 1,900. Nikajisifu barazani siku mbili.

Siku ya tatu dadangu akavaa buibui lake, akasema asishikwe na mtu. Kiti kikashuka kama jiwe, kikagonga ukuta wa jirani. Akaanguka kifudifudi, buibui limepanda, mbele ya wazee wale wale.

Wakambeba wao.

Hakulia. Alisema tu, "Nirudisheni ndani."

Nilirudi kwa fundi na bei yake kamili. Dadangu akakataa. Mwaka ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine. Mteremko ukawa wa paka kuota jua.

Nililojifunza: usipatane bei kwa miguu ya mwenzio.

Juzi nimemwambia tena, nataka kuujenga upya, hatua zote saba.

Akaniuliza, taratibu kabisa, "Niende wapi, Sudi? Niliokuwa nikiwaendea wote wameshakufa."

Wakuu, mwenye la kunishauri aliweke hapa chini. Nimwite fundi, au nimwache dadangu?