Ndege ya Mabua Iliyopakwa Mlenda

Enzi zetu, mtoto akitaka ndege alikwenda shambani akaivuna. Wazee wangu msinicheke. Najua nina miaka thelathini na miwili na meno yangu yote, na najua hilo neno "enzi zetu" mnaliona ni mali yenu, lakini mimi tangu Ijumaa nimezeeka. Ijumaa ndipo ilipoingia meseji kwenye kundi la wazazi wa darasa la tatu: Jumatatu kila mtoto aje na mfano wa chombo cha usafiri, na mifano ipo tayari kwenye duka la vifaa vya shule, karibu na geti. Ipo tayari. Wazazi wenzangu wakajibu kwa vidole gumba, mmoja baada ya mwingine, kama kuku wanaodonoa pumba. Hakuna aliyeuliza mtoto atajifunza nini kwa kubeba mfuko kutoka dukani. Na mwanangu Baraka, niliyemzaa kwa uchungu wa siku mbili, akanivuta mkono: "Mama tuwahi, zenye rimoti zitaisha."

Nikamwambia akae chini. Nanyi niliosoma nanyi kaeni, maana nikikasirika peke yangu naweza kupasua kitu.

Mnakumbuka Julai ya kijijini kwetu Mvumi? Upepo unapiga kuanzia asubuhi hadi jioni, vumbi linaingia hadi kwenye uji, midomo imepasuka kiasi kwamba ukicheka unatoka damu, kwa hiyo unacheka umeishika. Miguu yetu ilipauka hadi ukiikwaruza kwa kucha unaweza kuandika jina lako. Tulikuwa tunaandika. Mama alinipaka mafuta ya alizeti kila asubuhi, na nikifika shuleni vumbi lote la njiani limeganda juu yake, nimekuwa kama andazi lililoangukia mchangani. Mkono mmoja kidumu cha maji, mwingine ufagio, daftari tumboni ndani ya sketi. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi na tulikula ugali wa uwele kwa mlenda, ile mboga ya kuteleza, siku saba za juma, na aliyelalamika mama alimjibu, "Basi kale kwenu." Ilhali kwetu ni hapo hapo.

Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu wetu wa Sayansi tulimwita Mwalimu Rula, kwa sababu alitembea na rula ya mbao ndefu kama mkongojo na hakuitumia kupigia mistari tu. Siku moja alitangaza mashindano ya Siku ya Wazazi. Kila atakayetaka atengeneze kitu cha kisayansi, kwa mikono yake na kwa skeli. Mshindi, akiwa na mwenzake aliyemsaidia, atapanda lori la shule hadi Dodoma mjini, apelekwe uwanja wa ndege, aione ndege iliyosimama chini.

Mtoto wa leo hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Sisi ndege tuliijua tumbo lake tu. Ilipita juu, ndogo kama punje ya mtama, tukaikimbiza tukipunga mikono na kuiagiza ituletee nguo. Kuiona iliyosimama chini, mlango wake, matairi yake, nilitaka kitu hicho kuliko nilivyotaka kufaulu.

Rafiki yangu alikuwa Salma, Mrangi wa Kondoa, ambaye baba yake alikuwa na duka pale senta. Karanga za duka hilo zilifungwa kwenye kurasa za vitabu vilivyokufa, na Salma hakutupa karatasi hata moja. Ndivyo tulivyoipata picha. Ilikuwa ndege ya zamani kabisa, ya mabawa ya ghorofa: bawa moja juu, jingine chini yake, katikati nguzo na waya kama uzio wa zizi. Magurudumu yake ya baiskeli. Rubani kakaa nje, kichwa kinapigwa upepo, miwani usoni kama fundi wa kuchomelea.

"Hii imeharibika au ndivyo ilivyo?" nikauliza.

"Ndivyo ilivyo," Salma akasema. "Wakati huo hawakuamini kama bawa moja linatosha."

Tukaipima picha kwa rula. Bawa la juu lilikuwa sentimita kumi, tukasema letu liwe mita moja. Sentimita moja ya karatasi kwa sentimita kumi za kwetu, na hatukuuonea huruma hata msumari mmoja. Nguzo za katikati zilikuwa nane, tukaweka nane. Waya kumi na sita, tukachomoa nyuzi za katani kwenye gunia na kuzikaza hadi zikatoa mlio zikiguswa. Mifupa yote ya ndege ilikuwa mabua ya mtama. Tuliyamenya kwa meno, na ganda la bua jamani ni wembe, kwa wiki mbili tulikuwa tunakula ugali kwa upande mmoja wa mdomo. Misumari yetu ilikuwa miiba ya mgunga. Magurudumu tuliyakata kwenye ndala ya baba, ya kushoto tu, maana tulifikiri akibaki na moja atadhani mbwa kachukua. Pangaboi la mbele Salma alilichonga kwa kisu cha kukatia sabuni, likawa linazunguka kweli. Rubani tulimfinyanga kwa udongo wa kichuguu, na miwani ya waya tukamvisha.

Ikabaki ngozi ya mabawa. Kwenye picha ilionekana ni kitambaa. Mama yangu alikuwa na doti ya kanga kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, aliyopewa na mama yake siku anaolewa, inanuka dawa ya nondo, haijawahi kuvaliwa hata msibani. Hapo niliwaza kwa akili ya darasa la tano. Doti ni kanga mbili zinazofanana. Mama ni mmoja. Ya pili ya nini?

Tukaichukua ya pili.

Shida ni kwamba kanga ina maneno. Ilisema HASIDI HANA SABABU, herufi kubwa nyeusi, na tulivyoikata maneno yakaangukia sawasawa juu ya bawa la juu, kama yaliyopimwa na fundi. Ilibidi tupake rangi ya kuyafukia. Tukatwanga udongo mwekundu, tukachekecha kwa kitambaa, tukakoroga na maji. Ikakauka, ikabanduka yote kama upele. Tukakoroga na mafuta ya alizeti, haikukauka kabisa, na nzi watatu wakabaki humo hadi leo nadhani. Ndipo jioni moja nikiwa naosha vyombo nikaona mlenda uliobaki kwenye chungu umeng'ang'ania mwiko kama una hati ya nyumba. Nikamkimbilia Salma na chungu chenyewe.

Ndugu zangu, mlenda na udongo mwekundu ni rangi. Ulivutika, ukatambaa kwenye kanga, ukakauka unang'aa kama gari jipya. Maneno yakapotea kabisa. Tukaongeza mistari myeupe ya chokaa na nyota ya bluu ya kufulia, na mtambo wa mbele tukaupaka unga mweusi wa betri za tochi. Salma alirudi nyuma hatua tatu akaitazama, akasema, "Joisi, hii hata yenyewe inajiogopa."

Asubuhi ya Siku ya Wazazi, mama alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku.

"Joisi, hujaiona kanga yangu ya pili?"

"Labda panya, mama."

"Panya wamekula moja wakaacha moja?"

"Labda wameshiba."

Akaniangalia. Mama yangu si mtu wa maneno mengi. Alijifunga ile moja iliyobaki, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, labda ili panya wasimalizie, akaenda shuleni kukaa mstari wa mbele.

Meza ziliwekwa uwanjani. Kaka zetu wa darasa la saba walileta bwawa la Mtera la udongo lenye maji ya kweli, na kila dakika mmoja wao alikuwa anaziba ufa kwa kidole. Mwingine alileta redio ya boksi, yeye mwenyewe akiwa ndani anaimba. Mgeni rasmi, diwani mwenye suti ya joto kali, alipita meza kwa meza akiitikia "vizuri, vizuri," hadi alipofika kwetu akainama. Akahesabu nguzo. Akazungusha pangaboi kwa kidole, mara mbili, akarudia. Mwalimu Rula nyuma yake alikuwa anatabasamu, jambo ambalo hatukujua uso wake unaliweza. Nikaona lori. Nikajiona juu ya lori.

Sasa, nyie wa Dodoma mnajua. Kuna kitu hatukukifikiria, na kila mtoto wa Kigogo angepaswa kukifikiria. Mlenda hupikwa na magadi. Na magadi ni chumvi ya ardhini, hakuna mbuzi aliyewahi kuyapita. Halafu ilikuwa baada ya mavuno, mifugo imeachiwa mashamba ijilie mabua inavyotaka. Na ndege yetu, chini ya hayo magadi, ilikuwa ni mabua.

Walikuja kama saba hivi, taratibu, kama wazazi waliochelewa. Beberu mmoja mweupe mwenye ndevu akaweka miguu ya mbele juu ya meza, karibu na kiwiko cha mgeni rasmi, akaanza kuramba bawa la juu. Hakuwa na haraka. Alianzia kushoto. Mwalimu Rula alimpiga na rula, beberu akamwangalia, akaendelea. Mimi sikuweza kusogea, kwa sababu nilikuwa nasoma. HAS. Mrambo mwingine. HASIDI. Wenzake wakala mkia, mmoja akamng'oa rubani. Darasa la saba walipokimbilia kumfukuza beberu wakayaacha maji yao bila kidole, Mtera ikapasuka, viatu vya mgeni rasmi vikajaa. Na beberu anaramba tu, hadi nukta ya mwisho.

Mgeni rasmi, akiwa amesimama kwenye tope, akasoma kwa sauti, "Hasidi hana sababu. Hili ndilo jina la ndege?"

Mama yangu akasimama mstari wa mbele, amevaa ua lile lile, rangi ile ile, maneno yale yale nyuma.

"Hapana, mheshimiwa," akasema. "Hilo ni jina la kanga yangu."

Wazazi walicheka hadi bibi mmoja akaomba ashikwe. Mgeni rasmi alisema apewe zawadi mtoto huyu, maana ndege yake ndiyo pekee iliyoondoka uwanjani, na kweli ilikuwa inaondoka, beberu kaivaa shingoni anakimbia nayo kuelekea korongoni. Tulishinda. Lakini mama alimfuata Mwalimu Rula, akaongea naye kwa upole sana, na mimi nikajua.

Salma ndiye aliyepanda lori. Mimi nilibaki nyumbani nasugua masufuria kwa majivu, nikihesabu saa. Aliporudi jioni alipitia kwetu kabla ya kwao, akakaa chini karibu nami, hana raha.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Ikoje?"

"Ina bawa moja huku na moja huku. Basi." Akachukua sufuria akanisaidia kusugua. "Yetu ilikuwa na mabawa zaidi."

Nimemsimulia Baraka haya yote Jumamosi hii, hapa Ihumwa, pembeni mwa mji, huku nahangaika kutafuta mabua. Eti mabua ni kitu cha kutafutwa siku hizi. Shamba lililokuwa nyuma ya nyumba yetu sasa ni ukuta, na nyuma ya ukuta kuna ukuta mwingine. Niliyapata mbali kabisa, ng'ambo ya reli, mwenye shamba akaniuliza kama nina ng'ombe. Nikasema nina mtoto.

Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea na kifuko chake cha karanga na mlenda mkavu. Baraka alimwamkia shikamoo bila kuinua macho kutoka kwenye simu yangu. Mama akatukuta tumekaa sakafuni, mimi midomo inavuja damu kwa kumenya mabua, mjukuu wake anauliza hii inachajiwa wapi. Akafungua begi, akatoa kanga kuukuu iliyofuliwa hadi ikawa laini kama utando, ile iliyobaki peke yake miaka yote hii. Miaka yote, na kila alipoivaa hakuwahi kukosa kuniambia, "Angalia, mjane wangu."

"Kata upande wa maua," akasema. "Maneno niachie."

Tumeijenga sisi watatu. Nguzo nane, waya kumi na sita. Baraka alikuwa anahesabu kwa kunung'unika, baadaye anahesabu tu. Tulipofika kwenye rangi simu ilikuwa imezimika kitambo na hakuiulizia. Yeye mwenyewe ndiye aliyekoroga udongo na mlenda, akamgeukia bibi yake akamwambia, "Bibi, tia magadi. Tia mengi."

Kesho ataibeba shuleni, katikati ya rimoti zote zile, na mwalimu akiikataa atanisikia. Lakini hilo Baraka halimsumbui. Tangu saa tisa mchana amekaa nje ya geti na ndege yake mapajani, bawa la juu amelielekeza barabarani. Imepita bodaboda, limepita gari la maji, amepita mwanamke na mwavuli. Nimemwambia aingie ndani, vumbi linamjaa.

"Bado kidogo, mama," amesema. "Mbuzi hawajapita."

Sijamwambia kwamba mtaa huu hauna mbuzi.